Mashine ya moyo ifuatane na bedakilini

Wanaosema bedakilini, dawa ya kifua kikuu sugu, isipelekwe vijiji kama Mpofi, mashariki mwa Kongo, wana hoja: inavuruga umeme wa moyo, na moksifloksasini, mwenzake katika tiba ya miezi 6 iliyopendekezwa na WHO mwaka 2022, huongeza hatari hiyo. Lakini ugonjwa usiotibiwa huua zaidi, na barabara ya kuwapeleka wagonjwa Goma, kwa vita vya huko, haitegemeki. Muuguzi anaweza kuuliza kuhusu kuzimia, kutapika na kuhara kunakomaliza potasiamu, na dawa nyingine, hasa kwinini ya malaria (ambayo nayo huathiri umeme wa moyo, ingawa wengi huisahau). Asichoweza kukiona kwa macho ni QT, kipimo cha muda wa umeme wa moyo, iliyopita milisekunde 500. Mashine ya kuipima huingia mkobani. Wafadhili, itumeni pamoja na dawa.