Kazi za teknolojia: kijana wa Kapolowe atarajie nini siku ya mahojiano?

Kongo peke yake inatoa zaidi ya theluthi mbili ya kobalti ya dunia nzima, na kobalti hiyo inatoka Lualaba na Haut-Katanga. Inaingia katika betri za simu, za kompyuta na za magari ya umeme. Lakini kijana aliyesoma informatiki Likasi ao Lubumbashi, kisha akarudi kwa wazazi Kapolowe kungojea kazi, anakuta kwamba kampuni zinazotumia kobalti hiyo ziko mbali, na njia ya kuzifikia ni mahojiano ambayo hakuna profesa aliyemfundisha.

Mahojiano hayo hayafanani na yale ambayo wazazi wake waliyajua. Kwa miaka mingi katika eneo hili kazi nzuri ilikuwa ya Gécamines, ya reli ao ya serikali. Mtu alipeleka dosie yenye diploma, barua na picha, akangoja, na mara nyingi akatafuta branchement ya kuisukuma dosie hiyo. Kampuni ya teknolojia nayo inaangalia diploma, lakini kwa dakika chache tu. Baadaye inataka kumuona mtu akifanya kazi mbele ya macho yake. Hapo ndipo wengi wanaanguka, na si kwa sababu ya kukosa akili. Walijiandaa kwa mtihani mwingine.

Kwanza kijana ajue anazungumza na nani, kwa sababu neno « teknolojia » linafunika kazi nyingi.

Kazi iliyo karibu zaidi na Kapolowe ni ya mitandao ya simu. Vodacom, Airtel na Orange zinahitaji mafundi wa antene kwenye barabara ya Lubumbashi, Likasi na Kolwezi. Minara mingi si mali yao tena: iko mikononi mwa kampuni kama Helios Towers, na kampuni hizo nazo zinaweza kugawa kazi ya matengenezo kwa sous-traitance. Mahojiano yake ni ya mikono. Mtu anaweza kuulizwa atafanya nini ikiwa groupe haiwaki na betri zimebaki na saa moja, ao atapanda mnara vipi ikiwa mvua inakaribia. Katika swali hili la pili jibu sahihi ni kwamba hapandi. Kijana anayejibu kwamba atapanda ili aonyeshe bidii anaweza kupoteza kazi kwa jibu hilo moja.

Migodi nayo inaajiri watu wa informatiki na wa mitambo inayoendeshwa na kompyuta. Huko mahojiano yanaandamana na visite médicale na maswali mengi ya usalama. Tangu sheria ya tarehe 8 Februari 2017, sous-traitance imewekwa kwa kampuni ambazo mtaji wake mkubwa ni wa Wakongomani, na kwa hiyo jina lililo kwenye kofia ya kazi si lazima liwe jina lililo kwenye mkataba. Ni jambo la kuuliza mapema, kabla ya kusaini.

Mlango wa tatu ni kazi ya mbali, ile ya kufanyia nyumbani kwa kampuni ya Nairobi, Paris ao Marekani. Vijana wengi wanauota mlango huu, na wachache wanajua unavyofunguliwa.

Hatua za mahojiano ya mbali

Kwa mtu anayeomba kazi ya kuandika programu, mambo yanaanza kwa simu fupi, kama nusu saa, na mtu wa kampuni anayeshughulika na kuajiri. Huyu mara nyingi si fundi. Anataka kujua kama muombaji anaeleweka, kama yuko huru, na anataka mshahara gani. Swali la mshahara linawashtua wengi na wanajibu « chochote mtakachonipa ». Jibu hilo halionekani kuwa adabu. Linaonyesha kwamba mtu hajui bei ya kazi yake. Ni vizuri zaidi kuuliza kwanza kampuni imepanga kiasi gani kwa nafasi hiyo, kisha kutaja kiasi chake kwa dolari, kwa mwezi, na kabla ya kodi ao baada ya kodi.

Baadaye inakuja kazi ya majaribio. Wengine wanatuma zoezi la kufanyia nyumbani kwa siku mbili ao tatu. Wengine wanafungua ukurasa mmoja ambao pande zote mbili zinauona, na muombaji anaandika programu huku anatazamwa. Kampuni nyingi kubwa zinamuacha achague lugha ya programu anayoijua zaidi. Basi hakuna sababu ya kujifunza lugha mpya wiki moja kabla.

Kosa kubwa hapa ni kunyamaza. Shuleni kwetu mwanafunzi mzuri anafikiri kimya, kisha anatoa jibu. Katika mahojiano haya ukimya ni hasara, kwa sababu muulizaji anataka kusikia njia: kwa nini umeanza hapa, umeona tatizo gani, ungefanya nini kama wateja wangekuwa milioni moja. Mtu ambaye hakumaliza lakini alieleza vizuri anaweza kumpita aliyemaliza bila kusema neno. Kumuuliza muulizaji afafanue swali lake si dharau kwa mkubwa. Mara nyingi swali limeachwa wazi kwa makusudi ili waone kama ataomba maelezo.

Mafumbo ya zamani, kwa mfano kukadiria mipira mingapi inaenea ndani ya basi, yamepungua sana. Mwaka 2013 Laszlo Bock, aliyekuwa mkuu wa wafanyakazi wa Google, alisema wazi kwamba yalikuwa kupoteza wakati, kwani hayakuonyesha ni nani atafanya kazi vizuri. Kampuni hiyo pia ilichunguza takwimu zake yenyewe na kuona kwamba mahojiano manne yanatosha kumpima mtu. Hata hivyo manne bado ni mengi kwa mtu anayelipa mega kwa mfuko wake.

Kisha kuna maswali ya tabia, na hapa vijana wa Katanga wana mali ambayo hawaitumii. Amazon, kwa mfano, inauliza kwa kufuata kanuni zake 16: nieleze siku ulipokosana na mwenzako wa kazi, siku uliposhindwa, siku ulipofanya kazi bila vifaa vya kutosha. Anayetengeneza simu sokoni Likasi, ao aliyesimamia kompyuta za shule bila umeme wa uhakika, ana visa vingi vya namna hiyo. Lakini anavificha, anafikiri si « kazi ya kweli ». Badala yake anasema yeye ni mchapakazi na mwaminifu, maneno ambayo kila muombaji anayasema. Kisa kimoja chenye mwanzo, alichokifanya yeye mwenyewe, na matokeo yenye hesabu kina uzito kuliko sifa kumi.

Jambo moja limebadilika hivi karibuni. Waombaji wengi walianza kutumia akili mnemba kujibu kwa siri wakati wa mahojiano. Mwaka 2025 mkuu wa Google, Sundar Pichai, alisema kwamba kampuni yake inarudisha angalau duru moja ya ana kwa ana. Kwa mtu wa California hiyo ni safari ya siku moja. Kwa mtu wa Kapolowe ni pasipoti, viza na tiketi ya ndege. Udanganyifu wa wengine umepandisha bei ya mlango kwa wale walio mbali.

Gharama inayolipwa kabla ya mshahara

Bwawa la Mwadingusha kwenye mto Lufira, lililozaa ziwa Tshangalele ambako wavuvi wa eneo la Kapolowe wanatega nyavu, linatoa umeme tangu mwaka 1930. Mashini zake zilifanywa upya na kazi ikaisha mwaka 2021, megawati 78, kwa mradi wa SNEL na kampuni Ivanhoe ili mgodi wa Kamoa-Kakula upate umeme. Kuishi karibu na bwawa hilo, hata hivyo, si hakikisho kwamba taa haitazimika katikati ya mahojiano ya saa kumi jioni.

Kwa hiyo maandalizi ya mtu wa hapa yana sehemu ambayo vitabu vya Marekani havina: betri iliyojaa, simu ya pili yenye kadi ya mtandao mwingine, na namba ya muulizaji iliyoandikwa kwenye karatasi. Kuwaambia mapema kwamba umeme unaweza kukatika si aibu. Kutoweka bila neno ndiko kunakoharibu. Intaneti ya Starlink, iliyopewa ruhusa nchini mwezi Mei 2025, inaweza kusaidia, lakini bei ya kifaa chake inahitaji watu kadhaa waungane.

Kuna na lugha. Kijana amesoma kwa Kifaransa, nyumbani anasema Kiswahili, na mahojiano mengi ni kwa Kiingereza. Hakuna anayedai Kiingereza cha redioni. Kinachotakiwa ni kuweza kueleza kazi yake mwenyewe bila kusoma karatasi, na hilo linajifunzwa kwa kulisema kwa sauti, mara nyingi, mbele ya rafiki.

Kampuni nayo ihojiwe

Jambo zito zaidi linaonekana Nairobi. Mwaka 2019 Daniel Motaung, kijana wa Afrika Kusini, aliajiriwa na kampuni Sama iliyokuwa ikifanya kazi kwa ajili ya Facebook. Kwa maelezo yake, hakuambiwa kwa ukweli kazi ilikuwa nini. Alipofika alikuta kwamba anatakiwa kutazama video za mauaji na ukatili ili ziondolewe mtandaoni. Mwezi Mei 2022 alipeleka mashtaka mahakamani, na mwaka 2023 wenzake zaidi ya 180 walifungua kesi yao. Meta, kampuni mama ya Facebook, ilisema mahakama za Kenya hazina mamlaka juu yake. Mwezi Septemba 2024 mahakama ya rufaa ilikataa hoja hiyo. Mwaka huohuo ripoti ya daktari iliyowekwa mahakamani ilionyesha kwamba zaidi ya 140 kati yao walikuwa na majeraha makubwa ya akili.

Watu hao walipita mahojiano. Waliulizwa, wakajibu, wakafaulu. Kilichokosekana ni majibu ya upande wa pili. Kijana wa Kongo ambaye anapata kazi ya « kuchagua maudhui » ao ya « kufundisha akili mnemba » ana haki ya kuuliza: nitatazama nini kila siku? Kwa saa ngapi? Usiku ao mchana? Nani anasaini mkataba wangu, na nani ni mteja? Nikiugua kwa sababu ya kazi, nani ananitunza? Kampuni ikikasirishwa na maswali hayo, tayari imejibu.

Hata kazi ndogondogo za mtandaoni hazina uhakika. Mwezi Machi 2024 jukwaa Remotasks lilifunga ghafla mlango kwa Kenya, na watu waliokuwa wakiishi kwa kazi hiyo wakakuta akaunti zimezimwa.

Na kuna mahojiano ambayo si mahojiano kabisa. Kuanzia mwaka 2022 serikali ya Kenya ilionya kuhusu matangazo ya kazi za kompyuta huko Thailand. Waliokwenda, Wakenya, Waganda na wengine, walijikuta Myanmar ndani ya nyumba zenye walinzi, wakilazimishwa kutapeli watu kwa mtandao. Mahojiano yao yalikuwa mepesi, ya ujumbe wa simu, bila zoezi lolote la ufundi, na tiketi ilikuwa tayari. Wepesi huo ndio alama. Kampuni inayotaka fundi inampima fundi.

Huku kwetu utapeli ni mdogo zaidi lakini unauma: « frais de dossier », dolari 50 ao 100 zinazoombwa kwa WhatsApp kwa jina la kampuni kubwa. Familia inauza mahindi, pesa inatumwa, namba inazimika. Kampuni ya kweli haimtozi muombaji ili imhoji. Na kopi ya kadi ya uchaguzi isitumwe kwa kila anayeiomba. Kanuni ya dijitali ya nchi, ya tarehe 13 Machi 2023, inalinda habari za mtu binafsi, lakini ni vigumu kumfuata mwizi asiyejulikana.

Anayefaulu bado ana karatasi ya kusoma. Sheria ya kazi ya mwaka 2002 inadai mkataba wa maandishi; usipoandikwa, unahesabiwa kuwa wa muda usio na kikomo hadi itakapothibitishwa vinginevyo. Muda wa majaribio hauwezi kupita miezi sita kwa mfanyakazi mwenye ufundi. Namba ya CNSS iulizwe siku hiyohiyo. Kwa wasichana kuna jambo ambalo wengi hawalijui: sheria hiyohiyo inakataza mwajiri kumdai muombaji kipimo cha mimba, isipokuwa kwa kazi ambazo zimekatazwa kwa mwenye mimba. Kukaa mbele ya kompyuta kuandika programu si mojawapo.