Marekani: Kiingereza kinachomtoa mfanyakazi jikoni

Katika migahawa mingi ya Marekani, lugha ya jikoni ni Kihispania. Wahamiaji kutoka Mexico na Amerika ya Kati huosha vyombo na kupika bila kuhitaji Kiingereza kingi. Lakini bakshishi hutolewa mezani, na huko wateja wengi huagiza kwa Kiingereza. Hivyo lugha huamua kipato.

Anayejifunza kwa ajili ya kazi huanza na kupokea oda na kutaja bei. Hata maneno yanayofanana humchanganya: "pan" kwa Kihispania ni mkate, kwa Kiingereza ni kikaango. Kosa jingine laweza kuua: mteja mwenye mzio akiuliza kama chakula kina karanga, jibu la kubahatisha ni hatari.

Mjini Las Vegas, chuo cha Culinary Academy, kilichoanzishwa kwa ushirikiano wa vyama vya wafanyakazi na waajiri wa mahoteli, hufundisha Kiingereza pamoja na ufundi wa kazi. Kwingineko, wengi hujifunza kwa simu usiku, baada ya zamu mbili. Wanachokosa si nia, ni muda.