KAMBA ILIYOACHILIWA

Ndugu msomaji, wako watu wasemao kuwa muziki hauna siasa. Na watazame yaliyotokea Hamburg, Ujerumani, tarehe 9 Desemba, 1968.

Usiku ule ulikuwa upigwe kwa mara ya kwanza muziki wa Hans Werner Henze uitwao Das Floß der Medusa, yaani Chelezo cha Medusa, alioutunga kwa kumkumbuka Che Guevara. Jukwaani ilitundikwa bendera nyekundu. Waimbaji waliotoka Berlin Magharibi wakakataa kuimba chini yake. Polisi wakaingia, Ernst Schnabel, mtunzi wa maneno, akakamatwa. Ukumbi ukatawanyika, muziki haukupigwa.

Je, kisa chenyewe ni kipi? Mwaka 1816 meli ya Kifaransa, Medusa, iliyokuwa ikimpeleka gavana kwenda kuitawala Senegal, ilikwama mbele ya pwani ya Mauritania. Wakubwa wakapanda mashua; watu wapatao 147 wakajazwa juu ya chelezo. Kisha kamba ya kukivuta ikaachiliwa. Baada ya siku 13 walikutwa hai 15 tu.

Hilo ndilo la kutisha, wala si kitambaa chekundu. Lakini mficha maradhi, kifo humwumbua. Mwaka 1971 muziki ule ulipigwa Vienna, na hata leo hupigwa.

Basi tusimwulize mwanamuziki kwa nini ametia siasa. Tuwaulize wale wa mashuani: kamba mliiachia kwa nini?