Namba ya mtoto siku ya kwanza isiwe hukumu

Warundi wenzetu waliokimbia mwaka 1972, kisha kuanzia 2007 wakachukuliwa kutoka kambi za Tanzania kwenda Marekani, wamelea watoto katika nchi yenye mpira wake. Si kandanda tunayoijua, bali ule wa kofia ngumu na kusukumana vifua. Namna timu za huko zinavyochagua vijana inatuhusu sisi tuliorudi kuliko tunavyodhani.

Kila Aprili timu 32 za ligi ya NFL hugawana wachezaji wapya kutoka vyuo vikuu. Kwa kawaida iliyofanya vibaya zaidi hutangulia kuchagua. Mtihani mgumu ni kumchagua mlinzi wa mstari wa mbele. Huyu kazi yake ni kuzuia wapinzani wasimwangushe kwotabeki, yaani mpiga pasi. Hana magoli ya kuhesabiwa. Je, utamjuaje aliye bora?

Tuchukue mwaka 2013. Kansas City Chiefs ndio waliotangulia, na walinzi watatu walikuwa wakitajwa sana. Luke Joeckel wa Texas A&M alisifiwa kwa ufundi uliokomaa. Eric Fisher alitoka Central Michigan, chuo kisicho na jina kubwa katika mchezo huo. Lane Johnson wa Oklahoma alianza chuo akiwa kwotabeki, akahamishwa nafasi mara kadhaa, na ulinzi alikuwa ameucheza misimu miwili tu. Lakini katika vipimo alikimbia yadi 40 kwa sekunde 4.72, akiwa na zaidi ya kilo 135!

Fisher aliitwa wa kwanza, Joeckel wa pili akaenda Jacksonville Jaguars, Johnson wa nne akaenda Philadelphia Eagles. Joeckel alipangwa kulia, wakati chuoni alizoea kushoto. Aliporudishwa kushoto, mechi hiyohiyo akavunjika kifundo cha mguu. Msimu wake wa mwisho uwanjani ulikuwa 2017. Fisher alisuasua mwanzoni, akavumiliwa, na Februari 2020 akawa bingwa. Johnson, yule mgeni wa kazi, alitwaa ubingwa Februari 2018, tena Februari 2025.

Yupo mwingine aliyechelewa zaidi. Mwaka 2018 Eagles walimchagua Jordan Mailata, kijana wa Australia aliyecheza ragbi na hajawahi kucheza hata mechi moja ya mpira huu. Aliitwa wa 233. Lakini Eagles walikuwa na mwalimu wa walinzi, Jeff Stoutland, waliyemwajiri 2013. Akamfundisha tangu hatua ya kwanza. Katika ubingwa wa 2025 Mailata alilinda kushoto, Johnson kulia. Waswahili walisema, usione vyaelea, vimeundwa.

Atakuwepo wa kusema kwamba Joeckel alikosa bahati tu. Ni kweli, kuvunjika mguu si kosa la mtu. Wala sisemi vipimo vitupwe, maana mbio za Johnson zilionyesha kitu cha kweli. Ninachosema ni kwamba kipimo hueleza mtu alipofika leo. Hakielezi atakakofika, wala nani atamshika mkono.

Ninyi mnaovusha bidhaa Kobero na Mugina mnalielewa hili. Anayenunua ndizi mbichi hukadiria zitakavyoiva. Na hata maharage bora yataoza katika ghala linalovuja.

Sasa tazama darasa letu. Mtoto aliyezaliwa ukimbizini anaingia, Kifaransa chake kinakwama, jaribio la kwanza anaandikwa wa mwisho. Anarudishwa madarasa mawili nyuma, anakaa na wadogo zake, na baada ya muda mfupi haonekani tena. Yuko mpakani anabeba magunia. Mimi niliyesoma ukimbizini najua kwamba mtoto huyo huenda ana hesabu nzuri kuliko wenzake, ila hakuna aliyemuuliza kwa lugha anayoielewa.

Ombi langu kwa wakuu wa shule ni hili: mtoto aliyerudi apimwe, lakini asihukumiwe kwa kipimo cha siku ya kwanza. Apewe mwaka mmoja na mwalimu wa kumfundisha lugha, ndipo apangiwe darasa. Nanyi wazazi, msikubali namba ya kwanza. Nendeni shuleni mkaulize: mtoto wangu anafundishwa na nani?