Soya Haijilishi Yenyewe

Kila anayelima soya ameshaambiwa kwamba zao hili linajitengenezea mbolea, basi halihitaji nyingine. Nusu ya maneno hayo ni kweli, na nusu hiyo ndiyo inayowaponza watu. Ni kweli bakteria wanaoishi kwenye vinundu vya mizizi huchukua naitrojeni ya hewani na kuulisha mmea. Lakini kazi hiyo hula nguvu nyingi, na bila fosforasi haiendi. Fosforasi haipo hewani. Kwenye udongo mwekundu wenye tindikali hunaswa na chuma na alumini, mzizi ukapita kando yake bila kuipata.

Hata hiyo naitrojeni ya hewani hutosheleza kwa wastani asilimia 50 hadi 60 tu ya mahitaji ya soya. Iliyobaki hutoka ardhini. Punje ina protini kama asilimia 40, na hakuna protini bila naitrojeni. Ukivuna punje, kisha ukabeba na mabua kwenda kulisha ng'ombe, shamba linaweza kubaki maskini kuliko ulivyolikuta.

Wengine husema vinundu vingi ndiyo mavuno mengi. Hapa jenetiki imejibu waziwazi. Mwaka 2003 watafiti wa Australia walitangaza jeni ya soya iitwayo GmNARK, ambayo hufanya kazi yake kwenye majani. Vinundu vya kwanza vikishaota, mizizi hupeleka ishara juu, na majani hurudisha amri ya kuzuia vingine visiote. Mimea ambayo jeni hiyo imeharibika hujaa vinundu mizizi mizima, nayo hudumaa, kwa sababu sukari ya majani huishia kwa bakteria. Basi usihesabu vinundu. Chimbua mmea mmoja taratibu wakati wa maua, upasue kinundu kwa ukucha. Kikiwa chekundu ndani, kinafanya kazi: rangi hiyo inatokana na protini iliyo ndugu ya ile inayobeba oksijeni katika damu yetu. Kikiwa cheupe au kijani, mmea unalisha bakteria bure.

Kuhusu mbegu za TGx, zinazosemwa kuwa hazihitaji kupakwa bakteria kabla ya kupandwa, lazima niwe mwangalifu, kwa kuwa naithamini sana kazi iliyozizaa. Kituo cha kimataifa cha kilimo cha tropiki, IITA, kilichopo Ibadan, Nigeria, kilianza mwishoni mwa miaka ya 1970 kuchanganya soya za Asia, zinazokubali bakteria wa asili wa udongo wa Afrika, na zile za Marekani zenye mavuno makubwa. Mbegu hizo ziliwafungulia mlango wakulima wasioweza kupata bakteria wa dukani. Mmojawapo wa uzao huo, TGx 1740-2F, Malawi unaitwa Tikolore. Lakini bakteria wa asili hutofautiana shamba kwa shamba, kwa wingi na kwa uwezo, na majaribio mengi yameonyesha kuwa hata mbegu hizi huweza kuzaa zaidi zikipakwa. Panda mistari michache iliyopakwa pembeni ya isiyopakwa, shamba lako likujibu.

Dai la kwamba mzizi mrefu ndio bora linafaa kwa maji, ambayo huzama. Fosforasi haisogei, hukaa tabaka la juu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Kusini mwa China, huko Guangzhou, walipolinganisha aina nyingi za soya, waliona kuwa zenye mizizi inayotanda karibu na uso wa ardhi ndizo zilizopata fosforasi vizuri zaidi. Pembe hiyo ya mizizi hurithiwa, tena kupitia jeni nyingi, kila moja ikichangia kidogo. Anayekutangazia jeni moja ya mizizi bora hajasema yote.

Na mzizi hodari hauumbi fosforasi. Huichota ile iliyopo, na kadiri mavuno yanavyoongezeka ndivyo inavyotoka shambani kwa wingi. Kwa hiyo mbegu bora na mbolea ya kupandia huenda pamoja. Kwenye udongo wenye tindikali, unga wa fosfeti wa Minjingu, Tanzania, huyeyuka vizuri zaidi kuliko kwenye udongo usio na tindikali, na mizizi inayotanda juu huukuta palepale ulipochanganywa.