Tazama Soli, Usitazame Rangi



Naomba nafasi katika kurasa zetu za Kiswahili nitoe rai yangu juu ya jambo ambalo wengi watalidhania dogo, nalo ni viatu. Sisemi juu ya viatu vya kuingilia darasani, wala vya kwendea kanisani au msikitini. Nasema juu ya viatu vya kupandia milima yetu wakati wa mvua. Kwangu mimi jambo hili si dogo, maana huwadhulumu vijana wawili kwa mara moja: yule aachwaye langoni kwa kuwa hana buti, na yule aruhusiwaye kwenda kwa kuwa viatu vyake vinang'aa.

Kila mwanafunzi wa Arua aujua mlima Wati, ulioko Terego. Na kila mwanafunzi wa Koboko aujua mlima Liru. Wazee wa Kilugbara husimulia kwamba mashujaa wawili, Jaki na Dribidu, ndio asili ya koo zao; Jaki alifia Liru, na Dribidu alifia Wati. Basi kijana apandaye huko haendi kucheza tu. Aenda kuitazama nchi kutoka mahali ambapo masimulizi ya wazee wake yanaanzia. Kumnyima safari hiyo kwa sababu ya bei ya kiatu ni kumnyima sehemu ya elimu yake.

Wakati wa safari zetu nao si mwepesi. Mvua za West Nile huanza Machi au Aprili, na hushika sana kuanzia Agosti mpaka Oktoba. Muhula wa pili na wa tatu, ambapo vijana huomba ruhusa ya kupanda, ndio wakati ambapo njia zimelowa. Katika safari moja mtu hukanyaga ardhi za namna tatu: kwanza njia ya udongo mwekundu uliogeuka tope; kisha kijito chenye mawe ya mviringo; mwisho jabali tupu, lenye utelezi wa kijani mahali maji yapitapo. Kila ardhi ina madai yake juu ya mguu.

Sasa nieleze kanuni niliyoiona mahali zaidi ya pamoja. Kanuni husema: "Asiyekuwa na viatu vya kufunika mguu asiende." Yaonekana kanuni njema, lakini haitazami chini. Nimepata kufuatana na kundi la vijana siku ya mvua. Langoni aliachwa mmoja aliyevaa viatu vya matairi, vile Waganda wanavyoviita lugabire na Wakenya akala. Vilikuwa vipya, vina meno, na vina mkanda wa kushika kisigino. Mwenziwe aliyevaa viatu vyeusi vya darasani, soli ngumu iliyo bapa kama ubao, akapita bila kuulizwa neno. Wakati wa kushuka, kwenye jabali, miguu ya huyu wa pili ilimtoka ghafula. Aliweka mkono chini apate kujizuia, na mfupa wa kifundo cha mkono ukavunjika. Wenzake walimsindikiza hadi barabarani, mmoja mbele na mmoja nyuma, na safari iliyokuwa ya saa tatu ikawa ya saa saba. Wahenga wamesema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Huyu alilisikia la mkuu, akalitii, na bado akavunjika. Kosa halikuwa la mtoto. Lilikuwa la kanuni.

Tutafute basi sababu ya kuteleza. Jiwe likilowa, maji hukaa kama utando mwembamba kati yake na soli. Soli ngumu haiwezi kuupenya utando huo. Hupita juu yake kama sabuni juu ya sahani. Soli ya mpira laini hubonyea, ikajiumba kwa kadiri ya vijishimo vya jiwe, ikashika. Tope lina sheria yake nyingine. Lataka meno marefu yaliyoachana, yapate kuzama na kisha kulitema tope. Meno yakisongamana hujaa udongo, na mara soli ni bapa tena. Kwa hiyo jabali lataka ulaini, na tope lataka meno. Kiatu cha kufaa njia zetu ni kile chenye vyote viwili: mpira laini, meno ya kadiri, na kisigino kilichojitenga ili kikamate wakati wa kushuka.

Kwa kipimo hicho tuvipime viatu tulivyo navyo.

Viatu vya darasani vyenye soli bapa havifai kabisa. Sapatu za kidole hazifai pia, kwani mguu uliolowa huteleza juu yake kabla yake yenyewe kuteleza juu ya jiwe. Njumu za mpira wa miguu hushika vizuri kwenye majani na tope, lakini juu ya jabali mtu husimama juu ya vijiti vichache vya plastiki ngumu, na hatari yake ni kubwa. Raba za kawaida zafaa sana, maadamu meno yake hayajalika na zinambana mvaaji vizuri kisiginoni. Lugabire zenye mkanda wa kisigino zafaa njia ya chini na kuvukia kijito, kwa sababu hazihifadhi maji; upungufu wake ni kwamba vidole vi wazi mbele ya mawe. Mwenye lugabire aruhusiwe mpaka chini ya mwamba, na hapo apewe kiatu cha kufunika kama kipo. Asiachwe langoni.

Na gamboti? Wako wanaozicheka, wakisema ni za kuchungia ng'ombe. Nawaomba wenye kucheka watazame milima ya Rwenzori, hapa hapa Uganda, yenye kilele cha Margherita cha mita 5,109. Mabonde yake yamejaa vinamasi, na wageni watokao nchi za mbali huvuka vinamasi hivyo kwa gamboti. Wafikapo kwenye barafu huzivua, wakavaa buti za kupandia. Kwao kiatu hufuata ardhi, hakifuati fahari. Lakini gamboti zina kasoro kwenye mawe: hazishiki kifundo cha mguu, na maji yakiisha kuingia kwa juu hayatoki. Kwa hiyo zifae kinamasi, zisipelekwe jabalini.

Yafaa pia tujue kwamba hata soli ya mlima ya Wazungu ilizaliwa kwa msiba. Mwaka 1935 watu sita walikufa katika mlima Punta Rasica, nchini Italia, walipokamatwa na dhoruba wakiwa na viatu visivyofaa hali ile. Mwenzao, Vitale Bramani, alirudi akafikiri. Zamani zile watu walipanda kwa buti zenye misumari chini, nazo zilikuwa nzito na zilipitisha baridi ya chuma mguuni. Bramani akasaidiwa na Pirelli, kampuni ya kutengeneza matairi, na mwaka 1937 akatoa soli ya mpira yenye meno makubwa, akaiita Vibram. Mwaka 1954 Waitalia waliokifikia kilele cha K2, mlima wa pili kwa urefu duniani, walikuwa na soli za namna hiyo. Mwenye kuidharau lugabire na akumbuke kwamba buti ya fahari nayo ilitoka mkononi mwa watu wa matairi.

Labda msomaji mmoja atanijibu, "Babu zetu walipanda pekupeku. Na Abebe Bikila wa Ethiopia je?" Ni kweli. Mwaka 1960, mjini Roma, Bikila alishinda mbio za marathoni bila viatu, kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 16. Lakini tusome habari yote. Hakuvaa viatu siku ile kwa kuwa alivyopata havikumkaa vizuri. Alikuwa amezoea kukimbia hivyo, na nyayo zake zilikuwa zimekomaa. Tena mwaka 1964, mjini Tokyo, alivaa viatu, akashinda mara ya pili, kwa saa 2, dakika 12 na sekunde 11. Fundisho lake si kwamba viatu havina kazi. Fundisho ni kwamba kiatu kibaya ni kibaya kuliko kutokuwa nacho, na kiatu kizuri ni bora kuliko vyote viwili. Sisi tuliovalishwa viatu tangu darasa la kwanza hatuna nyayo za babu zetu. Na hao babu, pamoja na nyayo zao ngumu, hawakusalimika na funza, wala na safura, ambayo vijidudu vyake huingia mwilini kwa ngozi ya mguu katika udongo wenye unyevu.

Haya, na mtu anunue namna gani? Wengi wetu hununua mitumba, na si aibu. Katika soko la Arua au la Koboko, mwenye macho aweza kupata kiatu chema kwa bei ya kadiri. Aende jioni, kwani mguu huvimba kidogo mchana kutwa, na kiatu kilichokuwa sawa asubuhi huanza kubana. Avae soksi zile zile atakazopandia. Afunge kamba, kisha asimame mahali penye mteremko, kichwa kikielekea chini ya kilima; vidole vikigonga mbele, akiache, maana siku ya kushuka kucha zitakuwa nyeusi. Kisigino kikiinuka ndani ya kiatu kila hatua, akiache pia, maana malengelenge hayako mbali.

Aipime na soli. Aibonyeze kwa ukucha: ikikataa kabisa kubonyea, mpira umezeeka. Akikunje kiatu katikati na kutazama mahali soli iliposhikana na juu. Gundi ikionyesha mwanya, mlima utaumaliza. Viatu vingine hukaa miaka mingi sandukuni vikaonekana vipya, kumbe sifongo ya ndani imeoza na itamomonyoka siku ya kwanza. Soli iliyoachia kidogo fundi viatu aweza kuishona, lakini ashone kabla ya safari.

Soksi za pamba hunywa maji na kuyashika; ngozi ikilowa hulainika, ikachubuka upesi. Za sufu ni bora. Asiyekuwa nazo achukue jozi ya pili kavu ndani ya mfuko wa plastiki, abadilishe akiisha kuvuka kijito. Na viatu vikilowa visianikwe karibu na moto, kwani ngozi hukakamaa na gundi huachia. Vijazwe magazeti makuukuu na kuwekwa penye upepo.

Sasa nije kwenye neno langu lenyewe. Naomba shule ziifute kanuni ya kuuliza jina la kiatu, na badala yake ziweke kanuni ya kupima soli. Kazi yenyewe ni nyepesi. Litafutwe jiwe moja pana, liwekwe karibu na bomba la maji likiwa limeinama kidogo. Siku moja kabla ya safari limwagiwe maji, na kila msafiri asimame juu yake huku mwalimu au kiongozi wa chama akimshika mkono. Anayesimama imara aende. Anayeteleza abadilishe viatu. Jiwe halijui mtoto wa tajiri wala mtoto wa mkimbizi. Halipokei rushwa, wala halishangazwi na rangi ya kiwi.

Lakini mtu hawezi kuambiwa "badilisha" ikiwa hana cha kubadilishia. Hapa ndipo ninapowageukia ninyi wanafunzi wa zamani, mlioko Kampala, Nairobi, Juba au ng'ambo. Mara nyingi mnatuuliza mtuletee nini shuleni, na mara nyingi twawajibu vikombe vya michezo. Mwaka huu leteni viatu. Kila mmoja jozi moja, yenye soli hai, ya namba yoyote kati ya 38 na 44. Jozi thelathini zatosha safari nzima. Ziwekwe katika ghala moja, zipewe namba, na kitabu kiwekwe cha kuandika jina la aliyeazima, siku aliyotwaa na siku aliyorudisha. Azirudishe zimeoshwa na kukaushwa. Atakayezipoteza alipe kwa kazi ya bustani.

Nanyi wanafunzi mlio shuleni sasa, acheni kumcheka mwenzenu kwa kile alichovaa miguuni. Mwacheke mvua, maana yeye hacheki na mtu. Kabla ya safari ijayo ya Wati au Liru, geuzeni viatu vyenu juu chini, mtazame. Kama soli ni bapa, semeni mapema, na ghala lifunguliwe.