Samaki wa Visiwani na Mifereji ya Mjini

Mto Mirongo ni mto mdogo. Hauna sifa ya Kagera wala ya Mara, na msafiri apitaye jijini Mwanza wakati wa kiangazi aweza kuudhani kuwa ni mtaro tu. Lakini mto huo hukata katikati ya jiji, ukapita penye nyumba, masoko na karakana, ukabeba kila kinachotupwa ndani yake, na mwisho wake ni Ziwa Victoria. Yanayotupwa Mabatini hayaishii Mabatini.

Kwa muda mrefu mambo ya mto kama huo yamehesabiwa kuwa kazi ya mabwana afya, nayo mambo ya samaki yakahesabiwa kuwa kazi ya maofisa wa uvuvi. Wale wa kwanza hushughulika na taka na kipindupindu. Hawa wa pili hushughulika na nyavu, mitumbwi na leseni. Kila upande una sheria zake, fungu lake la fedha na mikutano yake. Samaki, ambaye hajui mipaka ya idara, ndiye aliyeumia. Maoni yetu ni kwamba kusafisha mto wa mjini ni kazi ya uvuvi, na kwamba mvuvi wa Ukerewe, Ukara au Kome anayo haki ya kuidai kazi hiyo sawasawa na mkazi wa jiji.

Hatusemi haya kwa kubahatisha. Mwaka 1977 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Leiden cha Uholanzi walianza kuwachunguza samaki wa Ghuba ya Mwanza pamoja na wenzao wa Tanzania. Walichokikuta ni utajiri wa furu usio na mfano. Inakadiriwa kwamba ziwa zima lilikuwa na aina zaidi ya 500 za furu ambazo hazipatikani mahali pengine popote duniani. Katika miaka ya 1980, mbele ya macho ya wataalamu hao hao, furu walipungua kwa kasi ya kutisha, na aina nyingi hazikuonekana tena. Lawama yote ikatupwa kwa sangara, aliyepandikizwa ziwani katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960. Sangara anastahili lawama, lakini haimtoshi peke yake.

Wasomaji wetu wa visiwani wanawajua furu wawili wakaao penye mawe, ambao wataalamu wamewapa majina yanayotuhusu. Mmoja huitwa Pundamilia pundamilia, kwa sababu ya milia yake. Mwingine, aliyeelezwa kwa mara ya kwanza katika maandishi ya kitaalamu mwaka 1985, huitwa Pundamilia nyererei, kwa heshima ya Mwalimu Julius Nyerere. Dume la huyu wa pili lina wekundu mgongoni. Dume la yule wa kwanza lina rangi ya kibuluu. Jike huchagua dume kwa kuitazama rangi, na kwa njia hiyo kila aina imebaki na ukoo wake.

Uchunguzi uliochapishwa mwaka 1997, na mwingine ulioufuata mwaka 2008, ulionyesha jambo ambalo kila kiongozi wa mkoa angepaswa kulijua. Katika kisiwa cha Makobe, ambako maji ni maangavu, samaki hao wawili ni aina mbili zilizo wazi. Katika kisiwa cha Luanso, kilichomo ndani ya Ghuba ya Mwanza ambako maji ni mazito, mpaka kati yao haupo tena: wamechanganyika, wala mtu hawezi kusema huyu ni yupi na yule ni yupi. Maji yakichafuka, mwanga hupungua na rangi hufifia; jike halioni tena cha kuchagua. Hapo aina ya samaki hutoweka bila ya kuvuliwa na bila ya kuliwa.

Maji hayo huchafuliwa na nini? Majitaka, samadi na udongo unaochukuliwa na mvua huingiza ziwani chakula kingi cha mimea, hasa fosforasi. Mimea midogo isiyoonekana kwa jicho hustawi kupita kiasi na kuyafanya maji kuwa ya kijani. Ikifa, huzama na kuoza, na kuoza huko hula hewa ambayo samaki huihitaji. Vipimo vilivyochukuliwa ziwani mwaka 1960 na 1961 vilipolinganishwa na vya miaka ya mwisho ya karne ile, ilidhihirika kwamba mimea hiyo imeongezeka sana na kwamba maji ya vilindini hukosa hewa kuliko zamani. Magugu maji, yaliyoingia ziwani mwishoni mwa miaka ya 1980, yalikuta meza imekwisha kuandaliwa.

Wapo watakaosema kwamba jiji linaonewa. Watasema kwamba fosforasi nyingi hutoka mashambani, na kwamba nyingine huletwa na vumbi na moshi wa mioto inayowashwa kila kiangazi. Ni kweli, na wakulima pia wana la kujibu. Lakini ghuba zilizo karibu na miji ni nyembamba, maji yake hubadilika polepole, na uchafu unaomwagwa humo hukaa humo. Hizo ndizo pwani ambako sato huatamia na vifaranga vya samaki hukulia. Tena ndiko jiji lenyewe linakoteka maji ya kunywa.

Hapa ndipo linapokuja suala la haki. Mwaka 2018 Serikali iliendesha operesheni kali dhidi ya uvuvi haramu, na nyavu nyingi zikachomwa moto. Hatuwatetei wavunja sheria. Kokoro linalokomba mazalia ya samaki halina utetezi. Lakini ipo sheria nyingine, ile ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, inayokataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito na maziwa. Tundu la wavu wa mvuvi hupimwa kwa rula. Je, ni nani hupima zile mita 60 kandokando ya Mirongo? Mwananchi wa kisiwani akiona kwamba sheria ina macho makali majini na macho mafumbu mjini, atakosa kuiheshimu, na hatutakuwa na neno la kumwambia.

Jambo hili ni zito zaidi sasa kuliko zamani. Katika miaka ya karibuni Serikali imewakopesha wananchi vizimba vya kufugia samaki ziwani, nasi tunaipongeza kwa hatua hiyo. Lakini samaki wa kizimba hana pa kukimbilia. Maji yasiyo na hewa yakipanda kutoka chini, samaki huru huhama. Wa kizimba hufia palepale, na mkopo hubaki shingoni mwa mfugaji. Kuwapa wananchi vizimba huku tukiacha ghuba zichafuke ni kujenga kwa mkono mmoja na kubomoa kwa mwingine.

Je, mto wa mjini waweza kuponywa? Historia inajibu kwamba waweza. Mto Thames wa London ulitangazwa mwaka 1957 kuwa umekufa. Wenyeji wake walijenga upya mitambo ya kusafishia majitaka, samaki wakaanza kurudi wenyewe, na mwaka 1974 alipatikana samoni mmoja. Kisha wakaingiwa na haraka. Kuanzia mwaka 1979 walimwaga mtoni vifaranga vya samoni kwa miaka mingi, lakini uchunguzi uliotolewa mwaka 2011 ulionyesha kwamba samoni wachache waliokuwa wakionekana walitoka mito mingine. Fundisho ni wazi: samaki harejeshwi kwa ndoo, hurejeshwa kwa maji safi na makazi mema. Hata kwetu, tangu miaka ya 1990 baadhi ya furu wameanza kuonekana tena baada ya sangara kuvuliwa kwa wingi. Uhai haujatususa.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo matatu. La kwanza ni majitaka. Nyumba nyingi za Mwanza zimejengwa juu ya miamba, mahali ambapo kuchimba choo cha shimo ni taabu kubwa, na mvua ikinyesha kila kitu huteremka. Mabomba ya majitaka yafike milimani, na kazi hiyo ihesabiwe katika mipango ya mkoa kuwa ni kinga ya uvuvi, ili iwe na haki ya kupata fungu la fedha za uvuvi pia.

La pili ni mafunjo. Kinamasi cha mafunjo huchuja uchafu, huzuia udongo na huwalea samaki wachanga. Tena maji yake yana hewa haba ambayo sangara haivumilii. Ngege na baadhi ya furu hujificha humo wakanusurika. Naye ningu hupanda mito wakati wa mvua ili atage, na akikuta mdomo wa mto umezibwa kwa taka hana njia nyingine. Jirani zetu wa Kampala wanalo funzo. Majitaka ya mji wao hupita katika kinamasi cha Nakivubo kabla ya kuingia ziwani, na uchunguzi wa mwaka 1999 ulikadiria kwamba kazi hiyo ya bure ina thamani ya kati ya dola milioni 1 na milioni 1.75 za Marekani kwa mwaka. Hata hivyo kinamasi hicho kiliendelea kumegwa kwa kilimo na majengo. Tusingoje kuhesabu hasara yetu. Kingo za mito zipimwe, ziwekewe alama, na mafunjo yapandwe upya penye midomo ya mito yote inayopita mjini.

La tatu ni utafiti unaomfikia mwananchi. Tunayo Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1980, na inacho kituo Mwanza. Wataalamu wake wapewe fedha za kuchunguza ghuba za mijini mwaka hadi mwaka, na matokeo yasomwe kwa Kiswahili katika mialo. Uangavu wa maji hupimwa kwa kifaa kisichohitaji shahada: sahani nyeupe iliyofungwa kamba, ikateremshwa majini hadi isionekane, na urefu wa kamba ukaandikwa. Kila kikundi cha ulinzi wa rasilimali za uvuvi chaweza kufanya hivyo kila wiki. Mvuvi akiwa na daftari la vipimo vyake mwenyewe, hatakwenda tena ofisini kwa malalamiko matupu.

Kwa upande wao, ndugu zetu wa visiwani wana wajibu. Mwalo usio na vyoo unachafua ziwa lilelile, na anayevua vifaranga penye mazalia hawezi kumnyooshea jiji kidole. Tuwadai viongozi huku tukijidai wenyewe.

Viongozi wa mkoa, wa jiji na wa wilaya za visiwani hawana budi kukaa katika kikao kimoja, bwana afya na ofisa wa uvuvi wakiwa kwenye meza moja, ili mpango wa Mto Mirongo uandikwe, utengewe fedha na upewe tarehe ya kukamilika. Sisi tutakuwa tukiuliza habari za mpango huo, na tunawaomba wasomaji wetu nao waulize.